Amri inayogusa kidogo: ninavyochagua usanidi wa ruta nikijiandaa na maabara ya CCIE

Mtandao unaofanya kazi hautoshi. Hilo ndilo linalomshtua kwanza mhandisi aliyekulia kwenye kazi za ofisini anapoanza kujiandaa na mtihani wa maabara wa CCIE, cheti cha Cisco cha ngazi ya mtaalamu kwa wahandisi wa mitandao. Kazini, mteja akipata huduma, tiketi inafungwa. Kwenye maabara, pingi (pakiti ya kujaribu kama mashine inafikika) inaweza kufika kila kona na bado ukakosa pointi, kwa sababu uliweka njia tuli, yaani iliyoandikwa kwa mkono, mahali ambapo maelekezo yamezikataza, au ulibadilisha kiolesura (mlango wa ruta) ulichoambiwa usikiguse.

Ninajiandaa usiku, baada ya kazi, hapa Dar es Salaam. Vijana wanaoanza huniuliza wasome nini. Kusoma kuna mwisho wake: itifaki za OSPF na BGP, kanuni ambazo ruta hutumia kupeana habari za njia, hazibadiliki kila mwaka, na maelezo yake yamejaa tele. Kinachotaka mazoezi marefu ni kuchagua. Karibu kila lengo kwenye ruta ya Cisco, kifaa kinachoelekeza pakiti kati ya mitandao, lina njia tatu au nne za kulifikia, zote halali, zote zikionyesha matokeo yaleyale kwenye skrini, na kila moja ikiacha athari yake mahali pengine. Msimamo wangu ni huu: chagua usanidi unaogusa sehemu ndogo kabisa ya mtandao huku ukitimiza kila neno la swali. Nimeufikia msimamo huo polepole, na nataka kuutetea kwa mifano.

Mifano yote hapa nimejitungia. Maswali halisi yanalindwa na makubaliano ya usiri ambayo kila mtahiniwa huyakubali, na ninayaheshimu. Wanaouza nakala zilizovuja wanamuuzia mtu namba ya CCIE ambayo hataweza kuitetea usiku mtandao wa mwajiri wake utakapoanguka. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki gharama si ndogo. Ada ya jaribio moja inazidi dola 1500, na wengi wetu huangalia kituo cha Dubai, maana yake ongeza tiketi ya ndege, viza na malazi. Mtu hapandi ndege ile kwenda kubahatisha.

Mtihani wenyewe una historia ndefu. Ulianza mwaka 1993. Kila anayefaulu hupewa namba: 1024 ilipewa chumba cha maabara, watu wakaanzia 1025, na Terry Slattery mwenye 1026 akawa wa kwanza kufaulu akiwa si mfanyakazi wa Cisco. Enzi hizo ulichukua siku mbili. Ulifupishwa kuwa wa siku moja mwaka 2001. Toleo la Routing and Switching, ambalo wengi wetu tulilikuta, lilistaafishwa Februari 2020 na nafasi yake ikachukuliwa na Enterprise Infrastructure. Sasa ni saa 8: saa 3 za usanifu, saa 5 za kujenga, kuendesha na kuboresha. Katika zile 3 za mwanzo huna ruta ya kugusa. Unasoma nyaraka na michoro ya kampuni ya kubuni, unaulizwa ungechagua nini na kwa nini, na ukishajibu huwezi kurudi nyuma kurekebisha. Badiliko hilo nililifurahia sana, kwa sababu uamuzi wenyewe sasa unapimwa waziwazi, hata kabla mtu hajaandika amri yoyote.

Kuhusu vifaa vya mazoezi sitakaa sana. Zamani watu walinunua ruta za mitumba na kuzipanga nyumbani. Mwaka 2005 Mfaransa Christophe Fillot alianza kutengeneza Dynamips, programu inayoigiza maunzi ya ruta ya Cisco ndani ya kompyuta ya kawaida, na juu yake ikajengwa GNS3. Leo kuna pia EVE-NG na Cisco Modeling Labs. Uamuzi wenye uzito hapa ni aina ya ruta utakayoiwasha ndani yake: IOSv inaridhika na MB 512 za RAM, CSR1000v inataka karibu GB 4. Kwa OSPF, EIGRP (itifaki nyingine ya njia) na BGP, ile ndogo inatosha kabisa. Ile nzito iwekwe mada inapoidai. Halafu hifadhi usanidi wa kuanzia kama faili la maandishi nje ya kiigizaji. Umeme ukikatika hupotezi kitu, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba unaweza kurudi pale pale ulipoanzia na kulitatua swali lilelile kwa njia nyingine. Bila hilo huwezi kulinganisha, na anayejiandaa bila kulinganisha anaishia kukariri.

Sasa tuingie kwenye ruta. Chukua jambo linaloonekana dogo: kukiingiza kiolesura ndani ya OSPF. Wengi tulifundishwa `network 0.0.0.0 255.255.255.255 area 0`, mstari mmoja na violesura vyote vimeingia. Unafanya kazi vizuri mpaka swali la mbele likuagize uongeze kiolesura cha kwenda kwa mtoa huduma, ambacho OSPF haitakiwi kukigusa. Mara tu unapokipa anwani kimeshaingia, kinatuma pakiti za hello kwa watu wasiokuhusu, na mtandao wake unatangazwa ndani. Mimi huandika `ip ospf 1 area 0` ndani ya kiolesura chenyewe. Swali likidai nitumie `network`, naandika anwani kamili ya kiolesura pamoja na 0.0.0.0, ili mstari mmoja uguse kiolesura kimoja tu.

Router ID, yaani jina la ruta ndani ya OSPF, nayo naiandika kwa mkono kila mara. Usipoiandika, ruta inachukua anwani kubwa kuliko zote za Loopback (kiolesura cha kubuni ndani ya ruta) pale mchakato wa OSPF unapoanza. Ukiongeza Loopback nyingine baadaye hutaona tofauti yoyote, hadi ruta iwashwe upya na kuamka na jina jingine. Kuna amri nyingine zinazoitegemea Router ID, na moja yake tutaikuta hapa chini.

Halafu kuna aina ya mtandao wa OSPF, na hapa ningemsihi kila anayejiandaa atulie. Kiungo cha Ethernet kati ya ruta mbili tu, kwa chaguo-msingi, ni broadcast: ruta zinasubiri hadi sekunde 40, zinachagua DR (ruta kiongozi wa kiungo), na LSA (tangazo la OSPF) ya aina ya 2 inatengenezwa kwa ajili ya kiungo ambacho hakina mtu wa tatu. Ukiandika `ip ospf network point-to-point` pande zote mbili, yote hayo yanaondoka. Ukiandika upande mmoja ukasahau wa pili, unapata moja ya hitilafu ngumu kuzigundua. Muda wa hello ni sekunde 10 pande zote, wa dead (kungoja kabla ya kumhesabu jirani amekufa) ni 40 pande zote, kwa hiyo ujirani unafika FULL bila malalamiko. Njia ndizo hazionekani, kwa sababu kila upande unakieleza kiungo kwa namna ambayo haioani na maelezo ya mwenzake, na hesabu ya njia fupi haiwezi kuvuka hapo. Mtu anayeangalia `show ip ospf neighbor` peke yake ataapa kwamba OSPF iko salama. Angalia `show ip ospf interface` pande zote mbili, kila mara. Lakini swali likitaja kwamba ruta fulani iwe DR, point-to-point imekwisha kukataliwa hata kama neno hilo halikuandikwa. Hapo unarudi kwenye broadcast na kupanga `ip ospf priority`, na yule asiyetakiwa unampa 0.

Jambo lililokula usiku wangu mwingi kuliko yote ni kuhamishia njia kutoka itifaki moja kwenda nyingine, pande zote mbili, kwenye ruta mbili kwa pamoja. Chukua kalamu uchore. Kushoto kuna EIGRP 100 yenye R1 na R4. R4 iko katikati. Kulia kuna OSPF yenye R5. Mpakani zipo R2 na R3, kila moja ikiwa na kiungo kwa R4 na kiungo kwa R5. R1 imeleta 172.16.1.0/24 kutoka RIP, itifaki nyingine ya njia, na kuiingiza EIGRP, kwa hiyo ndani ya EIGRP ni njia ya nje. Swali linasema: R2 na R3 zihamishie njia pande zote mbili, na kila mtandao ufikike hata mpaka mmoja ukianguka.

Kuna mitego miwili ya mlangoni ambayo naipita haraka. EIGRP haiwezi kupokea njia za OSPF bila kupewa metriki (namba ya gharama ya njia), kwani bila metriki inaziona haziwezi kufikika. Na kwenye matoleo ya zamani ya IOS, programu endeshi ya ruta za Cisco, ukihamishia njia kwenda OSPF bila neno `subnets`, 172.16.1.0/24 haipiti kabisa. Inapita mitandao ya madaraja kamili (A, B na C) tu.

Ukishavuka hapo ndipo tatizo lenyewe linaanza. Ruta ya Cisco huipa kila itifaki umbali wa kiutawala, na namba ndogo ndiyo inayoshinda: EIGRP ya ndani 90, OSPF 110, RIP 120, EIGRP ya nje 170. Tuseme R2 imewahi kuipeleka 172.16.1.0/24 OSPF. R5 inaipata na kumfikishia R3. R3 sasa ina habari mbili za mtandao huo: kutoka R4 kwa 170, kutoka R5 kwa 110. Inachukua ya R5. Mtandao ambao ungefikiwa moja kwa moja kupitia R4 sasa unaendewa kwa kuzunguka R5, kisha R2, kisha R4. Hayo tu yangekuwa usumbufu wa kuvumilika. Lakini R3 imeagizwa pia kuhamishia njia za OSPF kwenda EIGRP, kwa hiyo inamtangazia R4 mtandao uleule, ikiupa metriki uliyoandika wewe. Uvumi uliotoka nyumbani umerudi nyumbani kama habari mpya. Metriki hiyo ikiwa nzuri kuliko iliyotoka kwa R1, R4 inaiamini, na pakiti inatoka R4 kwenda R3, R5, R2, halafu inarudi R4, hadi TTL, hesabu ya hatua ilizobakiza pakiti, iishe.

Hali ya kutatanisha zaidi ni pale metriki zinapolingana. R4 inagawa mzigo kati ya R1 na R3, baadhi ya mawasiliano yanafika na mengine yanazunguka mpaka yafe. Ukijaribu kutoka mashine moja kila kitu ni salama. Ukijaribu kutoka nyingine hakuna kitu. Na kwa kuwa yote yalitegemea nani kati ya R2 na R3 amewahi, ukiziwasha upya mshindi anaweza kubadilika na dalili zikahamia upande mwingine.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu anaifahamu ni tagi, alama ya namba inayobandikwa kwenye njia. Kwenye R2 na R3, njia inayotoka EIGRP kwenda OSPF inapewa tagi 100 kwa route-map (orodha ya masharti). Njia inayotoka OSPF kwenda EIGRP inakaguliwa, yenye tagi 100 inakataliwa na nyingine zinapita. Unafanya vivyo hivyo kinyume chake kwa tagi nyingine. Mzunguko unakufa papo hapo. Tagi naipenda kwa sababu haitaji majina ya mitandao: R1 ikiongeza mitandao mingine kesho, kinga inaifuata bila kuguswa. Lakini haikugusa lile la kwanza. R3 bado inaiendea 172.16.1.0/24 kwa kupitia R5, maana 110 bado ni ndogo kuliko 170. Swali likitaka tu kusiwe na mzunguko, umemaliza. Likitaka kila ruta itumie njia bora, hujamaliza, ingawa pingi zako zote zinajibu.

Dawa ya pili ni mstari mmoja kwenye R2 na R3: `distance ospf external 180`. Njia za nje za OSPF sasa zinashindwa na 170 ya EIGRP, R3 inarudi kwa R4, na kwa kuwa ruta huhamishia njia zile tu zilizoingia kwenye jedwali lake, R3 haina tena cha kumrudishia R4. Kiungo cha R3 na R4 kikikatika, njia ya OSPF yenye 180 inaingia yenyewe kama akiba. Ukiona hivyo unatamani kuishia hapo. Sasa mpe R5 njia zake za nje, tuseme amezileta kutoka BGP. R2 inazipeleka EIGRP, R3 inazisikia kutoka R4 kwa 170 na kutoka R5 kwa 180, na inachagua R4. Ugonjwa uleule umehamia upande wa pili, na wewe ndiye uliyeuhamisha, kwa sababu amri yako iligusa njia zote za nje wakati shida ilikuwa ya zile zilizotoka EIGRP peke yake.

Hapo ndipo ninaposema amri iguse kidogo. Kwenye R3 unaweza kuandika `distance 180 2.2.2.2 0.0.0.0 10` ndani ya OSPF, ambapo 2.2.2.2 ni Router ID ya R2 na orodha namba 10 inaitaja 172.16.1.0. Katika OSPF, anwani hiyo inalinganishwa na Router ID ya ruta iliyoitangaza njia, hata kama kati yenu kuna R5. Kwa hiyo 180 inaihusu njia ile tu, ikitoka kwa R2 tu. Njia za BGP za R5 zinabaki na 110 yake. Kwenye R2 unaandika vilevile ukimtaja R3. Na sasa unaona kwa nini niling'ang'ania Router ID iandikwe kwa mkono: R2 ikiamka na jina jingine, mstari huu haumpati mtu na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia.

Dawa ya tatu ni `distribute-list` yenye route-map, ikielekezwa `in` ndani ya OSPF, inayozuia njia zenye tagi 100 zisiingie kwenye jedwali la R3. LSA inabaki kwenye hifadhidata na R5 haidhuriki. Inapendeza, ni fupi, na haihitaji kutaja mitandao. Ila kiungo cha R3 na R4 kikikatika, R3 haina tena pa kupitia. Akiba imekataliwa mlangoni. Swali letu lilidai mitandao ifikike hata mpaka ukianguka, na kwa usomaji wangu R3 iliyopoteza kiungo chake ni mpaka ulioanguka nusu. Ningeiacha dawa hii. Swali lingekataza kubadilisha umbali wa kiutawala na kunyamaza kuhusu akiba, ningeichukua bila wasiwasi.

Kwenye BGP kanuni hiyohiyo inaniongoza, kwa maneno machache zaidi. Jirani wa ndani anapokea njia ambayo hatua yake inayofuata (next hop) ni anwani ya kiungo cha nje asichokijua. Unaweza kukiingiza kiungo hicho ndani ya OSPF, na sasa kila ruta ya ndani imebeba mtandao wa ziada. Au unaweza kuandika `next-hop-self` kwa jirani huyo, na hakuna mwingine anayejua kilichotokea. Ujirani wa nje kupitia Loopback za ruta zilizogusana nao una chaguo zake: `ebgp-multihop` bila namba inapandisha TTL hadi 255, wakati `disable-connected-check` inaiacha ikiwa 1 na ujirani unasimama vilevile. Mimi huandika ya pili, isipokuwa swali litaje idadi ya hatua au litake `ttl-security`, ambayo haikai pamoja na `ebgp-multihop` kwa jirani mmoja.

Mazoezi haya yamebadilisha hata kazi yangu ya mchana. Mwenzangu akileta ombi la kubadilisha usanidi, swali langu la kwanza sasa ni amri hiyo inagusa nini kingine, na la pili ni tutaonaje kwamba imekigusa. Kwa OSPF na EIGRP jibu la swali la pili ninalo tayari: `debug ip routing` kwenye R4 kwa dakika chache, uone kama kuna njia inayoingia na kutoka bila kukoma, `traceroute` kutoka kila ruta, kwa sababu pingi inakuambia umefika bila kukuambia umepitia wapi, na kuziwasha upya R2 na R3, kwanza moja ikitangulia, kisha nyingine.

Rafiki yangu wa Mombasa, anayejiandaa na mtihani huuhuu, hakubaliani nami kuhusu ile `distance` ya mtandao mmoja mmoja. Anasema orodha namba 10 itasahaulika siku R1 itakapoongeza mtandao wa pili, na kwamba afadhali tagi ya jumla na R3 izunguke kidogo. Kwa mtandao wa kazini, ambao utarithiwa na mtu mwingine, hoja yake ina nguvu kuliko yangu. Kwa swali lililoandikwa "njia bora", nabaki na `distance`. Zijengeni ruta hizo tano, IOSv zinatosha, muongeze 172.16.2.0/24 kwa R1 na njia za BGP kwa R5, kisha kateni kiungo cha R3 na R4 na muone ni usanidi wa nani kati yetu unaoendelea kutimiza kila neno la swali.